Tivii mbili, sebule moja, na kiti cha mzee dirishani

Simu ilinikuta kazini saa nne asubuhi. Mzee wangu sio mtu wa kupiga simu ovyo, akipiga ujue kuna jambo, nikapokea hapo hapo. "Mwanangu, tivii yenu inaongea ila haina uso." Nikamwambia mzee hebu zima uwashe tena. Akasema nimezima nimewasha mara tatu, sauti inakuja, mtu anasoma habari lakini simwoni. Jioni nikarudi, nikazima taa za sebuleni, nikachukua tochi ya simu nikaisogeza karibu kabisa na kioo kwa ubavu, na kweli, ukikaza macho unamwona mtangazaji kwa mbali kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia zito, yuko pale, anasoma habari zake gizani.

Aliyewahi kupitia hiyo anaijua. Kioo kizima, zilizokufa ni taa za nyuma. Hizi tivii za flati tunazonunua wengi wetu, kioo chake hakitoi mwanga, kinaupitisha au kinauzuia tu, mwanga wenyewe unatoka kwenye vitaa vidogo vya LED vilivyopangwa kwa mistari huko nyuma, na vitaa hivyo vimeungwa mfululizo, kimoja kikiungua wenzake kwenye mstari wanazima naye. Fundi wangu wa Mabatini alishanibadilishia mara moja mwaka juzi. Safari hii alipofungua akanionesha ile karatasi nyeupe ya ndani imebabuka na kuwa ya njano kila palipo na kitaa, halafu akaniuliza, "Braza, mwanga mmeuweka ngapi humu?" Mia. Ulikuwa mia tangu siku tunaitoa kwenye boksi, asubuhi mpaka usiku, miaka minne. Fundi akatikisa kichwa. Taa ikiendeshwa muda wote mwisho wa uwezo wake inachemka, na inayochemka inawahi kufa.

Na kwa nini tuliweka mia, hapo ndo penye habari yenyewe, maana ndo palipoamua tivii gani mpya tununue badala ya hiyo.

Tunakaa Bwiru, upande wa juu, nyumba imeegemea mawe kama nyumba nyingi za Mwanza, dirisha kubwa la sebuleni linaangalia ziwa. Mzee alifanya kazi melini ujana wake wote, safari za Bukoba, na alipohamia kwetu baada ya kutolewa mtoto wa jicho macho yote mawili, kitu cha kwanza alichofanya ni kuvuta kiti chake mpaka pembeni ya dirisha. Pale anaona maji, anaona mitumbwi, meli ikipita anaitambua kabla haijakaribia. Mama watoto aliwahi kukirudisha hicho kiti mbele ya tivii, kwa nia njema kabisa, akiona mzee anapinda shingo, jioni tukakikuta kimesharudi dirishani na mzee yuko juu yake amenyamaza. Tukaelewa. Kiti hakihami, vitakavyohama ni vitu vingine.

Sasa dirisha hilo hilo linalomletea mzee ziwa linaleta na jua. Kuanzia saa nane mchana jua la upande wa ziwani linaingia sebule nzima, na lile linalopiga juu ya maji nalo linarudi ndani, yaani unapigwa mara mbili. Kwenye tivii ya zamani mchana ulikuwa unajiona wewe na kiti chako vizuri kuliko unavyomwona mtangazaji. Ndo tukapandisha mwanga mpaka mwisho na tukausahau huko.

Bajeti ilikuwa milioni moja na laki mbili, ndani yake itoke tivii, gadi ya kulinda umeme na usafiri. Nikazunguka siku tatu, mtaa wa Rufiji, Pamba Road, nikashuka mpaka Rock City Mall, nikabakiwa na mbili zilizosimama duka moja, bega kwa bega. Sitazitaja kwa majina ya kampuni, na sababu ni moja: kampuni hiyo hiyo inauza tivii zenye tabia mbili tofauti kabisa, wakati mwingine hata ndani ya familia moja ya modeli inchi 50 ina kioo cha aina hii na inchi 55 ina kioo cha aina ile, kwa hiyo ukinunua jina peke yake unaweza ukaenda nyumbani na kitu usichokitegemea. Nitaziita ya kushoto na ya kulia kama zilivyokuwa zimesimama.

Ya kushoto ilikuwa inchi 50, laki tisa na themanini, 4K (picha yenye vitone vingi kuliko HD), paneli, yaani kioo chenyewe, ya aina ya IPS, hezi 60. Ya kulia inchi 55, milioni moja na laki moja, 4K pia, paneli ya aina ya VA, hezi 120 za kweli; IPS, VA na hezi nitazieleza mbele. Ukisoma kwenye karatasi huna haja ya kufikiri, laki moja na ishirini inakupa inchi tano zaidi na kasi mara mbili. Na ukizitazama pale dukani ndo kabisa. Ya kulia ilikuwa inaonesha zile video zao za matunda na samaki wa baharini, weusi wake ni weusi wa usiku wa manane, rangi zinataka kuruka nje. Ya kushoto pembeni yake ilionekana kama imevaa vumbi. Mimi ni mtu wa muvi, tena muvi za gizagiza, za upelelezi, naziangalia usiku watoto wakilala, na nakiri moyo wangu ulishanunua ya kulia kabla sijamuuliza muuzaji chochote.

Ila kabla ya kwenda mjini nilikuwa nimefanya kitu ambacho namshauri kila mtu akifanye, nilichukua daftari la shule la mtoto nikaandika wiki nzima nani anaangalia tivii, saa ngapi, amekaa wapi. Nilidhani naijua nyumba yangu. Mzee alikuwa anapiga kama masaa tisa kwa siku, kuanzia habari za asubuhi, anapitia Star TV kwa sababu ni ya hapa hapa kwetu, tamthilia za mchana na mama watoto akiwa off, mpaka taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Watoto masaa mawili, wamelala chini kwenye zulia. Mimi na mama watoto lisaa limoja na nusu, tena sio kila siku. Dogo wangu anayesoma chuo huko Malimbe anakuja wikiendi, mechi na gemu. Nilikaa nikaliangalia lile daftari muda mrefu. Mimi ndo natoa hela, mimi ndo nilikuwa nachagua, na mimi ndo naangalia kidogo kuliko wote.

Kwa hiyo pale dukani nikamwomba muuzaji vitu viwili. Cha kwanza azitoe zote kwenye modi ya duka. Tivii ya maonesho inawekwa kwenye setingi maalumu, mwanga mwisho, rangi mwisho, ishindane na taa za dukani na wenzake ukutani, ukiipeleka nyumbani haitaonekana hivyo na wala hutataka ionekane hivyo. Cha pili achomeke flashi yangu. Dogo alikuwa amenitafutia vipande viwili, cha mtangazaji wa habari amevaa suti nyeusi, na cha mechi. Video za kampuni zimetengenezwa zipendeze, mtangazaji wa suti hajatengenezwa kwa ajili ya kumpendezesha mtu, anakuonesha tivii jinsi ilivyo.

Halafu nikaanza kutembea kama kaa, pole pole kwenda pembeni, macho kwenye kioo. Nyumbani nilikuwa nimeshapima kwa kamba, kutoka tivii inapokaa mpaka kiti cha mzee ni mita mbili na nusu, ila kiko kando sana, ukipiga pembe ni kama nyuzi 50 kutoka katikati. Nilipofika usawa huo nikasimama. Kwenye ya kulia suti nyeusi ilikuwa imegeuka majivu, uso wa mtangazaji umepauka kama wa mtu aliyetoka kuugua malaria, na maandishi ya chini yaliyokuwa meupe juu ya bluu yalikuwa meupe juu ya kitu sijui nikiite rangi gani. Kwenye ya kushoto alikuwa mtangazaji yule yule, suti ile ile, imefifia kidogo tu.

Muuzaji akaniambia, "Bosi, kwani nani anaangalia tivii amekaa huko?"

Nikamwambia baba yangu.

Akanyamaza kidogo, akaja akasimama pale nilipokuwa nimesimama, akatazama na yeye. Akasema kweli, hii kitu huwa siioni kwa sababu siku nzima nasimama mbele yake.

Nieleze hili kidogo maana ndo moyo wa jambo. Ndani ya kioo cha LCD, yaani cha hizi tivii za flati, kuna fuwele za kimiminika, umeme unazigeuza, na zinavyogeuka ndo zinapitisha mwanga wa nyuma au zinauziba. Kwenye VA umeme ukiwa haujafika fuwele zinasimama wima kuja usoni kwako, zinaziba mwanga vizuri sana, ndo maana nyeusi yake ni nyeusi kweli, sehemu nyeupe kabisa inaweza kuishinda nyeusi kabisa kwa mwanga mara 3000, 4000, hata zaidi. Kwenye IPS fuwele zimelala sambamba na kioo na zinazunguka humo humo zikiwa zimelala, mwanga unavuja kidogo, uwiano wake unacheza kwenye 1000 kwa moja, basi usiku gizani nyeusi yake inakuwa kijivu. Faida ya kulala ni kwamba zinafanana ukizitazama toka mbele au toka pembeni. Za VA ni kama zile mbao za dirisha zilizopangwa kwa mwinamo, ukisimama mbele yake limefunga, ukisogea kando unaanza kuona mwanga unapenya kwenye mapengo. Hakuna iliyo mbovu hapo. Kila moja imetengenezwa na mtu aliyejua anatoa nini ili apate nini.

Tulioishi na tivii za chogo hatukuwa na shida hii kabisa na wala hatukujua ni neema. Bara tumeanza kuona televisheni ya kwetu 1994, wenzetu Zanzibar walishatangulia tangu miaka ya 1970, na mzee alinunua chogo lake la inchi 21 tukiwa wadogo, jioni watu walikuwa wanajaa, wengine chini, wengine mlangoni, watoto wa jirani wananing'inia kwenye nondo za dirisha kwa nje, na kila mmoja anaona rangi ile ile. Chogo lilikuwa linatoa mwanga kwenye uso wa kioo chenyewe, kwa hiyo halikujali umekaa wapi. Tulipohamia flati tulipata wembamba na ukubwa, ila aliyekaa pembeni akasahaulika. Agosti 2025 Taifa Stars wanacheza na Morocco robo fainali ya CHAN, sebule yetu ilifurika mpaka varandani, na ile tivii yangu ya zamani ilikuwa VA nayo, sasa majirani waliokuwa upande wa jikoni walikuwa wanauliza mbona nyasi zimekuwa nyeupe. Tulifungwa moja bila na wao hata goli waliliona limepauka. AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda, hiyo sebule itajaa tena zaidi ya pale.

Dogo alinipinga, na alinipinga kwa hoja, sio kwa kelele. Yeye shida yake ni hezi. Paneli ya hezi 60 inachora picha upya mara 60 kwa sekunde, ya 120 mara mbili ya hapo, na mpira ukipigwa wa juu kuvuka uwanja kwenye ya 60 unaacha kamkia, kwenye ya 120 unakuwa safi zaidi, hasa ukiwa na gemu inayotoa fremu nyingi, yaani picha moja moja nyingi kwa sekunde. Hilo ni kweli nimeliona kwa macho. Akaongeza kitu ambacho kilinichoma mimi mwenyewe mtu wa muvi: filamu zinapigwa fremu 24 kwa sekunde, 24 haiingii sawasawa kwenye 60, kwa hiyo tivii inashikilia fremu moja mara mbili, inayofuata mara tatu, mbili, tatu, ndo ule mshtuko mdogo unaouona kamera ikizunguka taratibu. Kwenye 120 kila fremu inashikiliwa mara tano, kwisha, inateleza. "Kaka, unanunua tivii ya kukuudhi wewe mwenyewe," akaniambia.

Nikamjibu mechi zetu nyingi za hapa zinarushwa kwa mfumo wa hezi 50, sio 120, na chaneli nyingi za kwenye king'amuzi hata HD kamili hazijafika, picha ya namna hiyo ukiitanua kwenye kioo kikubwa zaidi unatanua na ubovu wake. Hiyo ilikuwa hoja yangu na nadhani ina uzito. Ila sio iliyoniamulia. Kilichoniamulia ni kwamba dogo anakuja siku mbili kwa wiki na anakaa katikati ya kochi, na anaweza kusogeza kochi. Mzee yupo siku saba na hasogei.

(Kitu kingine hapo hapo, ukiambiwa hezi 120 dukani uliza ni za paneli au ni za matangazo. Kuna majina mengi ya mapambo yanayomaanisha programu inabashiri fremu za katikati, kioo chenyewe ni 60. Hiyo ya kubashiri kwa mpira sio mbaya, kwa muvi mi naizima, inafanya filamu ya mamilioni ya dola ionekane kama imerekodiwa sebuleni kwa mtu.)

Mambo mengine niyapitie haraka. Umeme hauzidiani wa kugombana, tivii za ukubwa huo ziko kama wati 100 hivi juu chini, masaa kumi ni kama uniti moja. 4K zote wanayo. Kioo cha ya kushoto kilikuwa na uso wa mati kidogo, usiong'aa sana, taa za dukani zilikuwa zinaonekana juu yake kama doa laini badala ya mstari mkali, na kwa nyumba yenye dirisha kama letu hilo nililipa alama kubwa kuliko inchi tano.

Nikachukua ya kushoto. Siwezi kusema sikuumia. Usiku ule wa kwanza nilipozima taa nikaweka muvi, anga la usiku lilikuwa kijivu cha moshi, na kwenye kona ya chini kulia mwanga ulikuwa unavuja kama mtu kaacha mlango wazi. Nilikaa pale nikiwaza ya kulia.

Dawa niliipata kwa bei ndogo, mstari wa taa za LED za kubandika, mwanga mweupe sio wa rangirangi, nikaubandika nyuma ya tivii uangaze ukutani. Jicho linapima weusi kwa kulinganisha, ukuta ukiwa na mwanga hafifu pembeni, ule ukijivu wa kioo unaanza kuonekana mweusi, na macho hayachoki. Haiwi VA, lakini naangalia muvi zangu na nafurahi. Kwa sisi wa ziwani ina faida nyingine. Hivi vidudu vya ziwani vinavyokuja kama moshi, hasa siku za mwezi mwandamo, vinafuata mwanga, ukiwa gizani na tivii peke yake ndo inawaka vinatua vyote juu ya kioo na vinaingia kwenye matundu ya nyuma ya kupoozea. Nyavu za dirishani havizijali sana. Sasa hizo siku nawasha taa ya varandani, vinakwenda kule, humu ndani unabaki ule mwanga hafifu wa ukutani. Asubuhi kioo kinafutwa na kitambaa laini kikavu kama cha miwani, basi. Usipulizie dawa ya kusafishia vioo vya madirisha, inakula ule utando wa juu na inaweza kuchuruzika mpaka ndani kwenye fremu.

Siku ya kuichukua nilisisitiza iwashwe mbele yangu, ile ile ya kwenye boksi langu, sio ya maonesho. Nikaweka picha nyeupe tupu nikatafuta pikseli (vitone vya picha) zilizokufa, nikaweka nyeusi nikatafuta mwanga unaovuja kupita kiasi, nikalinganisha namba ya nyuma ya tivii na namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya waranti. Kioo kikipasuka waranti haikijui, kwa hiyo kwenye bajaji tuliisimamisha wima, mimi huku dogo kule, ukiilaza flati kile kioo kikubwa kinabaki bila cha kukishikilia katikati, shimo moja la kupanda Bwiru linatosha.

Kilichonichukua muda kuliko kununua ni kuipanga kwa ajili ya mzee, na huku ndo natamani watu wangeongea zaidi maana wauzaji hawakwambii. Tivii smati ukiiwasha haikuleti kwenye taarifa ya habari, inakuleta kwenye ukurasa wake wa mwanzo wenye vibanda kibao, muvi, matangazo, inauliza intaneti iko wapi. Kijana anapita hapo bila hata kugundua. Mzee wa miaka 74 mwenye macho yaliyofanyiwa upasuaji, umeme ukikatika ukarudi, anakuta king'amuzi chake hakipo, anaona picha za watu asiowajua, anaogopa kubonyeza asije akaharibu. Kwa jirani yetu niliona hivyo, bibi wa watu anakaa kimya mbele ya ule ukurasa mpaka wajukuu watoke shule. Hiyo hali inaniuma.

Kuna setingi. Kwenye yetu iko ndani kwenye mfumo, kipengele cha kuwasha, unaiambia tivii ikiwaka irudi palipokuwa mwisho badala ya ukurasa wa mwanzo. Ya mzee inarudi kwenye tundu la HDMI la king'amuzi, na king'amuzi chenyewe kikipata umeme kinajiwasha kwenye chaneli ya mwisho. Gadi inashikilia umeme kwanza dakika chache ujitulize, nikamwelezea mzee taa ya gadi ikiwa nyekundu subiri, ikiwa ya kijani bonyeza kitufe kimoja hiki, nikakizungushia uzi mwekundu wa kufumia juu ya rimoti akipapase hata bila miwani. Sauti nikaweka ile modi ya maongezi, inapunguza muziki inasogeza mbele sauti za watu. Mwanga nikaupangia viwango viwili, mchana 85, ikifika jioni mtoto wangu mkubwa ana kazi ya kushusha mpaka 45, anajua ni kwa ajili ya taa za nyuma na anaifanya kwa makini kuliko kazi zake za shule.

Mzee yeye hakusema kitu kuhusu tivii mpya kama siku tatu. Ya nne usiku, habari zinaendelea, akiwa kwenye kiti chake kule kando, akasema tu, "Huyu dada leo kavaa kijani." Alikuwa amevaa kijani. Mama watoto akanitazama.

Jumanne iliyopita umeme ulikatika mtaa mzima toka asubuhi. Saa nane na nusu mchana nikaona kwenye grupu la majirani wameandika umerudi. Nikaweka simu mezani karibu, maana nilizoea, ndani ya dakika kumi mzee atapiga. Zikapita kumi. Ishirini. Ikafika saa tisa na nusu nikapiga mimi.

"Shikamoo mzee, tivii imewaka?"

"Marahaba. Imewaka. Ngoja kwanza mwanangu, wanaonesha meli."

Akakata simu.